Twiga Yule Yule: Kuiga na Kujibu Katika Picha za Tingatinga

Ndugu msomaji, kabla sijamhakiki mtu mwingine naomba nijianike mwenyewe kwanza. Mwaka jana nilimaliza kuandika riwaya yangu ya kwanza, kaunta buku nne, zote kwa mkono. Nikampa rafiki yangu niliyesoma naye hadi kidato cha nne. Alikaa nazo wiki mbili. Siku ya kurudisha alisema maneno machache tu: "Mshikaji, huyu mpelelezi wako ni Willy Gamba aliyebadilishwa shati."

Nilicheka mbele yake, lakini usiku sikulala, maana ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemsoma Musiba mpaka vitabu vikaachana kurasa, na nilipokaa kuandika, mkono ulikwenda wenyewe kule ulikozoea.

Jumamosi iliyofuata nilitumwa kupeleka mzigo Msasani, na wakati wa kurudi nikapita kwenye mabanda ya picha. Nikaona twiga wawili wameviringana shingo chini ya jua jekundu. Banda la pili, twiga wale wale. La tatu, wale wale tena, ila hapo jua lilikuwa la njano. Nikajisemea moyoni: kumbe tuko wengi!

Ndani ya banda la tatu alikuwamo mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, kopo la rangi katikati ya miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Karibu."

Kwa ujinga wa ujana nikamuuliza mbona watu wote wanachora kitu kimoja. Hakukasirika. Alifuta brashi yake kwenye kitambaa, akaniuliza: "Wewe kwenu ugali mnakula mara ngapi kwa wiki?" Nikasema karibu kila siku. "Na hamjamuuliza mama yenu kwa nini anapika kitu kimoja?"

Nilikosa jibu. Makala hii ni jaribio langu la kulitafuta, na nitatumia silaha mbili tulizopewa shuleni, fani na maudhui, ingawa tulifundishwa kuzitumia kwenye vitabu tu. Kwani picha haina mtunzi?

Tuanze na mtunzi mwenyewe. Wengi wa rika langu tukisikia tingatinga tunafikiria lile dude la kubomolea nyumba. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu, tena mtu wa kawaida kabisa. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini. Akiwa kijana alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na mtu wa bustani, akabangaiza hapa na pale. Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora. Hakusomea chuo chochote cha sanaa. Alichukua mbao zile laini za dari, zikakatwa mraba, akanunua rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ambayo mafundi hupakia baiskeli, akaanza kazi. Picha ziliuzwa pale Oyster Bay, nje ya maduka ya Morogoro Stores, ambako wazungu walikwenda kununua mahitaji yao.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Akafa. Hesabu mwenyewe: kutoka 1968 hadi 1972 ni miaka minne. Miaka minne tu, na jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, kama vile mtu akimwita kila mwandishi wa mashairi "Shaaban".

Sasa fani. Nimezitazama picha zake katika vitabu nilivyoweza kuviazima. Kitu cha kwanza kinachokushika ni uchache wa vitu. Mnyama mmoja, tuseme chui, amejaza ubao karibu wote. Mwili umechorwa kwa ubavu, lakini uso umekugeukia wewe, na macho yamekukodolea. Mkia umepinda kufuata ukingo wa ubao kana kwamba mnyama ameambiwa asitoke nje ya mraba. Pengine kuna tawi moja, pengine ndege. Nyuma yake hakuna mlima, hakuna machweo, hakuna nyasi. Ni rangi tupu.

Ule utupu ndio ulionisumbua. Kwa mtazamo wa haraka utasema mchoraji hakujua kuchora mandhari. Mimi nadhani sivyo. Ule utupu unafanya kazi. Unamtoa mnyama porini na kumleta mbele yako peke yake, kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza ajieleze. Wewe unamtazama chui, na chui naye anakutazama wewe. Kwa kijana aliyetoka kusini, akapita mashamba ya mkonge, akafagia bustani za wakubwa, huko kutazamwa si jambo dogo. Sisemi kwamba Tingatinga alikusudia kuchora maisha yake, la hasha. Ninasema kwamba yale macho siyo ya mnyama wa kwenye kadi ya posta.

Njoo sasa kwenye mabanda ya leo. Utupu umekwisha. Kila inchi imejazwa: twiga, tembo, nyumbu, mbuyu, Mlima Kilimanjaro na theluji yake, na ndege wanaoruka juu. Ubao mgumu nao kwa sehemu kubwa umeachwa, sasa ni kitambaa, kwa sababu kitambaa kinakunjwa na kuingia kwenye begi la mtalii. Mnyama aliyekuwa anakukodolea macho sasa anaangalia pembeni, anakula majani, hana habari na wewe. Ufundi wa mkono umekua, hilo ni lazima tukiri. Kuna vijana wanaoweza kupitisha mstari mwembamba kama uzi bila kutetemeka, na wanajua kupunguza rangi kutoka nyeusi hadi nyeupe mpaka ukashangaa. Lakini dhamira ukiitafuta unakuta ni moja tu: ninunue.

Hapo ndipo mhakiki mwenye haraka angefunga daftari na kuandika "sanaa imekufa". Mimi nilitaka kuandika hivyo, nikakumbuka ugali wa yule mzee.

Maana tukiwahukumu wachoraji kwa kosa la kuiga, basi tuwahukumu na washairi. Mshairi wa Kiswahili anapokea bahari aliyoikuta, mizani aliyoikuta, vina alivyovikuta, na karne kwa karne hakuna aliyemwita mwizi. Tena tunamsifu kwa kuzishika sheria. Tingatinga mwenyewe aliacha wanafunzi, wengi wao ndugu na jamaa, akiwamo Simon Mpata, na walijifunza kwa kukaa karibu yake na kufanya alivyofanya. Baada ya kifo chake walijikusanya wakaendelea, na mwaka 1990 kikundi chao kikawa chama cha ushirika. Kama wangeona aibu kuiga, mtindo ungezikwa pamoja naye mwaka ule ule wa 1972. Mzee wangu ana haki: ugali ni ule ule kila siku, na ndio uliotukuza.

Lakini washairi wana kitu kingine. Wana malumbano. Mmoja anatoa shairi, mwenzake anajibu kwa bahari ile ile na vina vile vile, na hapo ndipo patamu. Umbo ni moja, lakini ni lazima ujibu. Ukirudia tu alichosema mwenzako, hata kama vina vyako vimenyooka kama rula, watu watakucheka.

Basi hiki ndicho kipimo changu, na nakiweka mezani mkipime nanyi. Si kosa kuchora umbo la mwalimu. Kosa ni kuchora bila kumjibu.

Mfano wa aliyejibu tunaye hapa hapa nyumbani: George Lilanga. Alizaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934, akakulia kwenye uchongaji wa Kimakonde. Wakati huo tayari kulikuwa na mtindo wa shetani, ambao anatajwa sana Samaki Likankoa kuwa ndiye aliyeuanzisha miaka ya 1950: viumbe wa ajabu, viungo vimepinda, sura za kutisha. Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, miaka ya 1970, akianzia na kazi ya ulinzi. Alipoanza kuchora aliwachukua mashetani wale wale wa mababu zake akawaleta mjini. Wakanenepa matumbo, masikio yakawa makubwa, wakavaa nguo za madoadoa, wakaanza kucheza, kusengenyana, kugombana, kuombana msaada. Shetani wa kutisha amegeuka jirani yako wa Manzese. Majina ya picha zake nayo mara nyingi ni sentensi nzima za Kiswahili, kama maneno ya kanga. Hilo ni jibu, bwana. Mababu walisema mashetani wapo porini. Lilanga akasema, mbona nimewaona kituo cha basi!

Alifariki mwaka 2005, na picha zake zimezunguka Ulaya, Marekani na Japani. Miaka yake ya mwisho alikuwa mgonjwa, na wasaidizi wengi walifanya kazi chini ya jina lake, kwa hiyo mpaka leo watu wanabishana picha ipi ni ya mkono wake. Ona jinsi mambo yalivyo: hata yeye aliyejibu, baadaye amekuwa wa kuigwa.

Sasa naja kwenye lawama, na sitaipeleka kwa wachoraji. Naileta kwetu sisi. Malumbano ya mashairi yanaishi kwa sababu kuna wasikilizaji wanaojua nani alisema nini kwanza. Picha zetu zina wasikilizaji gani? Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesomesha Makerere na baadaye akawa balozi wetu Uingereza, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ipo New York, katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa. Kati ya mwaka 2020 na 2021, ndani ya maonyesho ya mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, iliandaliwa sehemu ya wachoraji kumi wa Afrika Mashariki, Ntiro akiwamo, pamoja na Elimo Njau, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Sane Wadu na wengine. Sehemu hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Mwili, Akili na Roho. Nani walilisoma jina hilo ukutani? Watu wa Munich, halafu watu wa London.

Sioni ubaya wao kuona. Ubaya ni kwamba mtoto wa Temeke anaweza kumaliza kidato cha nne, kama mimi, akijua wahusika wote wa vitabu vya mtihani na asimjue Ntiro hata kwa jina. Picha tunaziona zikiwa zimening'inizwa dukani bila jina, bila mwaka, bila mtu wa kusema hii inajibu ile. Mnunuzi ni mgeni, ana saa mbili kabla ya ndege yake. Katika mazingira hayo mchoraji atamjibu nani? Atajibu pochi. Hata mimi ningefanya hivyo, nikiwa na watoto wanaosubiri chakula.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa yule mzee. Safari hii sikuuliza bei wala sikuuliza kwa nini wote wanachora kitu kimoja. Nilimwuliza kama anayo picha aliyoichora kwa ajili yake mwenyewe.

Alinyamaza kidogo. Kisha akainuka, akatoa nyuma ya mlango ubao mmoja wa mraba, ubao hasa, si kitambaa, una vumbi. Ilikuwa daladala. Basi moja peke yake limejaza ubao, limechorwa kwa ubavu, na abiria wote madirishani wamekugeukia, macho yamekukodolea. Mkono wa konda umetoka mlangoni, umepinda kufuata ukingo wa ubao. Nyuma yake hakuna barabara, hakuna nyumba. Ni rangi ya bluu tupu.

"Hii ipo hapa mwaka wa sita," alisema. "Wageni wanauliza, twiga yuko wapi?"

Nitaihakiki kwa haki, maana nisipofanya hivyo nitakuwa namwonea huruma tu. Magurudumu hayakukaa sawa, la nyuma linaelea. Maandishi aliyoyaweka ubavuni mwa basi ni mengi mno na yanavuta jicho kutoka kwenye nyuso. Lakini zile nyuso! Niliziangalia nikajiona na mimi nimo humo, siti ya nyuma, nimebanwa, natazama nje kama chui wa mwaka 1970. Mwanafunzi amemjibu mwalimu wake kwa vina vile vile, na jibu limekaa nyuma ya mlango miaka sita kwa kukosa mtu wa kulisikia.

Nilimwuliza alipiga sahihi wapi. Akageuza ubao. Jina lake lilikuwa nyuma, kwa penseli.

Basi, vijana wenzangu wa gazeti hili, ombi langu ni dogo. Ukipita kwenye mabanda ya picha, swali la kwanza lisiwe "bei gani". Liwe "nani kachora, na lini". Kisha njoo uandike hapa, hata nusu ukurasa. Hatuna fedha za kununua picha, lakini macho tunayo, na kalamu tunazo.

Ama kaunta buku zangu nne, sikuzichoma. Nimenunua ya tano. Mpelelezi bado yumo, maana Musiba ndiye mwalimu wangu na siwezi kumkana. Ila sasa hana bastola wala gari. Anapanda daladala kwenda kazini, amebanwa kama sisi, na kuna jambo anataka kumwuliza Willy Gamba.

Mwenye hoja tofauti asinyamaze. Anijibu.