Nani Amewekwa Nyuma? Kusikiliza "Chemirocha" kwa Hedifoni

Kuna wimbo mmoja ambao kila msee anayemiksi muziki huku kwetu anafaa kuusikiliza kwa hedifoni kabla hajagusa kitu kingine. Unaitwa "Chemirocha III". Ulirekodiwa mwaka wa 1950 kule Kapkatet, upande wa pili wa kaunti ukitokea hapa Londiani, na Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akikusanya muziki. Anayeongoza ni Chemutoi Ketienya. Wanaomwitikia wameandikwa tu kama wasichana wa Kipsigis. Basi. Majina yao hayapo.

Wengi husimulia wimbo huu kama kichekesho. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye santuri zake zilifika hadi huku kwenye majani chai, na jina lake likageuka kuwa la kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swara. Hadithi tamu. Lakini nimeichoka kidogo, maana kila mtu akishaicheka haoni haja ya kusikiliza tena. Mimi nataka tuongee kuhusu miksi.

Najua utaniambia 1950 hakukuwa na miksi. Maiki moja, chaneli moja, hakuna laptopu, hakuna kurudi nyuma kurekebisha. Sikiza tena. Sauti ya anayeongoza iko karibu, kama mtu aliyeketi nawe benchi moja. Chepkong', kinanda chetu cha nyuzi, kinatembea chini yake bila kumkanyaga. Waitikiaji wanaingia kutoka hatua chache nyuma, na unasikia kwamba ni wengi, kila mmoja na koo lake. Hakuna anayemfunika mwenzake.

Hii haikutokea kwa bahati. Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maiki mkononi na kuisogeza mwenyewe, kwa mwimbaji, kwa chombo, kisha arudi. Sisi tunapandisha na kushusha vitelezi kwenye skrini, yeye alitumia mkono na miguu. Kazi ni ile ile: kuamua nani awe mbele, nani akae nyuma, na kwa muda gani. Tofauti ni kwamba yeye aliamua akiwa amesimama mbele ya wenye sauti.

Sasa panda matatu pale Londiani Junction uelekee Kericho, usikie nyimbo zetu za leo. Biti inagonga kifua, sawa, hilo sina shida nalo. Lakini sauti ya mwimbaji imenyooshwa na Auto-Tune hadi imekuwa ya plastiki, na waitikiaji ni mwimbaji yule yule amenakiliwa mara 4 na kusambazwa kushoto na kulia. Kila kitu kiko mbele. Na kila kitu kikiwa mbele, hakuna mbele tena.

Sababu moja ni kompresa. Kazi yake ni kushusha panapopaa. Ukishapandisha kiwango cha jumla baadaye, palipokuwa chini panainuka pia. Ukitumia kidogo kwenye sauti ya mtu, maneno yanasikika vizuri. Ukiibandika kwenye kila traki, halafu tena juu ya wimbo mzima, unabomoa umbali. Anayenong'ona na anayepiga kelele wanakuwa na kimo kimoja. Sababu ya pili ni masikio yetu wenyewe: kitu kikiongezwa sauti tunadhani kimekuwa kizuri zaidi. Ndiyo maana, ukitaka kujua kama ulichoongeza kimesaidia kweli, kwanza sawazisha kiwango cha sauti kati ya kabla na baada, ndipo ulinganishe.

Na si lazima uwe na studio ya mamilioni. Anza na vitelezi pekee, usiongeze kitu kingine mpaka wimbo usimame. Kwenye sauti za watu, kata zile za chini kabisa, kama chini ya hezi 80 au 100, ambako mara nyingi hukai isipokuwa upepo na mtu kugonga meza. Kama wimbo unasikika mzito kama uji, punguza kidogo maeneo ya hezi 300. Mpe kila mtu mahali pake, kushoto, kulia au katikati. Mwangwi uje mwisho, na uwe kidogo.

Haya yote niliyajua. Niliacha chuo mwaka wa pili nikabaki na laptopu na programu, na nilijiona fiti. Mwaka jana nikamrekodi kogo wangu akiimba na majirani wake wawili, simu ikiwa juu ya debe la maziwa. Usiku huo nikaanza kusafisha. Nikaondoa kelele za nyuma, nikakata pumzi, nikanyoosha noti. Wale majirani walikuwa wanachelewa kidogo kuitikia, nikawashusha hadi wakawa kama ukungu. Kisha nikafuta rekodi za mwanzo, kwa sababu diski ilikuwa imejaa.

Kogo alisikiliza hadi mwisho. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Wengine wameenda wapi?"

Nikamweleza kwamba wapo, asikilize kwa makini. Akaniangalia vile wazee hukuangalia. Mmoja wa wale majirani alifariki miezi michache baadaye. Sauti yake iko mahali fulani chini ya mwangwi wangu, kwenye faili ya MP3, na hakuna kitelezi duniani kitakachonirudishia.

Kwa hiyo sitaki kumfanya Tracey malaika. Mkono ule uliosogeza maiki kwa ustadi ndio mkono uliorudi na kumbukumbu zisizo na majina ya wasichana. Hiyo nayo ni miksi: mmoja mbele na jina lake kamili, wengine nyuma, wamekuwa kundi. Lakini alitunza tepu. Maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka wa 1954 ilizihifadhi, na mwaka wa 2015 nakala zikarudishwa huku kwetu na mradi wa Singing Wells. Baadhi ya wanamuziki aliowarekodi walipatikana wakiwa hai, wakajisikia wakiwa vijana. Mimi sikutunza hata wiki moja.

Tunapenda kusema muziki wetu unakufa kwa sababu vijana hawaujali. Sikubali. Wasee wanaujali, wanausampo, wanaupeleka TikTok. Unachopoteza ni kuitikia, ile nusu ya wimbo ambayo si ya nyota. Kwetu anayeitikia si pambo. Bila yeye anayeongoza anaongea peke yake, na mtu anayeongea peke yake kijijini tunamwonea huruma.

Basi ukimaliza miksi yako usiku wa leo, weka hedifoni chini kidogo, kisha uvae tena. Usiulize kama inagonga. Uliza swali la kogo. Na kabla ya hapo, nakili faili za mwanzo mahali pawili, uandike majina ya wote waliofungua mdomo.