Florence Price Hakuwa Amepotea

Hebu itafute Simfoni Nambari 1 ya Florence Price, kisha uruke hadi sehemu ya tatu. Wapenzi wa klasiki watasema sina adabu, ati simfoni husikilizwa toka mwanzo. Wanivumilie. Hapo ndipo mtunzi huyu Mmarekani mweusi anaifanya okestra nzima icheze juba, densi ya watumwa waliojipiga mapaja na vifua na kukanyaga chini, kwa kuwa mahali pengi walikatazwa kupiga ngoma. Kwa desturi nafasi hiyo ni ya skerzo. Price anaiondoa bila kuomba ruhusa ya mtu. Fidla zinakatika-katika, besi zinashika zamu ya miguu, halafu inaingia filimbi ya kuteleza kama mtoto aliyevamia sherehe ya wakubwa. Inachekesha bana, na simfoni chache huthubutu kuchekesha.

Chicago Symphony waliipiga Juni 1933, mara ya kwanza okestra kubwa ya Marekani kupiga simfoni ya mwanamke mweusi. Lakini leo hadithi inayopendwa ni ya 2009, pale miswada yake ilipopatikana katika nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois. Tangu hapo, ati "amegunduliwa". Kwani na nani? Marian Anderson aliimba wimbo wa kiroho uliopangwa na Price pale Lincoln Memorial mwaka 1939, mbele ya watu kama 75,000. Msomi Rae Linda Brown alikuwa akimtafiti tangu miaka ya themanini. Na simfoni hii wala haikutoka kwenye yale maboksi.

Wasiomjua ni wale waliokuwa na funguo za kumbi. Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, akataja waziwazi kwamba yeye ni mwanamke na ana damu nyeusi, akaomba apimwe kwa muziki peke yake. Koussevitzky hakuwahi kuupiga. Hadithi ya nyumba chakavu inamsamehe mtu kama huyo, kana kwamba maboksi yalijificha yenyewe.

Tena inawapa wahakiki likizo. Wanasimulia paa lililobomoka, muziki wanaupita. Basi tumpime, si aliomba mwenyewe? Sehemu ya kwanza ni ndefu kuliko inavyohitaji, na kivuli cha Dvořák kinamfuata kila kona. Ya pili, tarumbeta na wenzake wanaimba kama kwaya ya kanisa huku ngoma zikijibu chini kwa chini, na hapo sina la kulalamika.

Ukimaliza, nenda kwa Koncheto ya Fidla Nambari 2 ya 1952, mwaka mmoja kabla hajafa. Hiyo kweli ilitoka kwenye maboksi. Ni ya dakika kama 15 tu, haina juba, na Dvořák simsikii tena.