Ukimya wa Picha: Kitabu Kisicho na Maneno na Msomaji wa Kiptere

Wahakiki wa fasihi ya watoto wamezoea kudai kwamba kitabu cha picha kisicho na maneno hakijui mipaka ya lugha. Dai hilo lina ukweli: mzazi wa Kiptere, katika Kaunti ya Kericho, aweza kumsimulia mwanawe kitabu hicho kwa Kikipsigis bila kumngoja mfasiri. Hata hivyo, kukosa maneno si kukosa lugha. Picha nayo ina sarufi yake, na sarufi hiyo ina kwao.

Mfano ni Sidewalk Flowers (2015), kisa cha JonArno Lawson kilichochorwa na Sydney Smith, wote wa Kanada. Baba na bintiye wanatembea mjini. Baba anazungumza kwa simu. Binti anachuma maua yameayo ufani mwa lami na kuyagawa kwa ndege aliyekufa, kwa mtu aliyelala kwenye benchi, kwa mbwa. Ni rahisi kumlaumu baba huyo. Lakini katika nchi ya chai maumbile ni mahali pa kazi: mchumaji huchagua majani mawili na chipukizi, na mimea kama ile ya binti huitwa magugu, hung'olewa. Huko mzazi aliyeshughulika si mzazi aliyetoweka. Mkono wa baba umshikao bintiye watosha kuwa hoja.

Basi ukimya hauuondoi utamaduni. Huuhamisha kutoka ukurasani hadi kwa msomaji. Uhakiki usiomhesabu msomaji huyo umesoma nusu tu ya kitabu.