Kinyago cha Altareni: Uhakiki wa Filamu ya Alice, Sweet Alice kwa Jicho la Pwani ya Ruvuma

Filamu ya kutisha yenye maudhui ya Kikatoliki humzoesha mtazamaji kumtarajia shetani, na padri wa kumpunga. Alice, Sweet Alice, iliyoongozwa na Alfred Sole na kuoneshwa kwanza mwaka 1976 kwa jina la Communion, haina pepo hata mmoja. Ilitengenezwa nje ya studio kubwa, kwa bajeti ndogo, mjini Paterson, New Jersey, alikotoka mwongozaji mwenyewe. Uhakiki huu unadai kwamba kukosekana kwa shetani ndiko kiini cha kitisho chake, na kwamba mila ya vinyago vya Wamakonde hukifafanua vizuri zaidi kuliko istilahi za pepo na majini tulizorithishwa na filamu kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi.

Kisa kimewekwa mwaka 1961. Karen (Brooke Shields) anauawa kanisani, siku ya Komunyo yake ya Kwanza, na mtu aliyevaa koti la mvua la manjano na barakoa yenye tabasamu. Dada yake, Alice, anapiga magoti altareni akiwa na shela ya marehemu. Tangu hapo Annie, ndugu wa mama yao, anamwona Alice kuwa ndiye muuaji, na mtoto anaishia kufungiwa katika taasisi ya wagonjwa wa akili. Kumbe muuaji ni Bi Tredoni, mtunza nyumba ya mapadri, aliyefiwa na binti yake siku kama hiyo, na anayeamini kuwa watoto huadhibiwa kwa dhambi za wazazi wao.

Kulinganisha Komunyo ya Kwanza na jando si jambo geni kusini mwa Tanzania. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana aliliingiza jando katika utaratibu wa Kikristo, kwa kutambua kuwa ibada zote mbili humvusha mtoto kutoka hali moja hadi nyingine. Katika jando la Wamakonde, kinyago (mapiko upande wa Msumbiji, midimu upande wetu) hutoka kama mfu aliyerejea. Kimapokeo, mwali hutishwa kwanza, kisha hufunuliwa siri: ndani ya kinyago mna mtu. Hofu inageuzwa kuwa maarifa, na wakubwa wapo kumpokea.

Sole anaipindua hatua hiyo. Anamfunulia mtazamaji sura ya muuaji mapema, filamu ikiwa bado na safari, lakini Alice hana mkubwa wa kumfunulia chochote. Wakubwa wake wanabishana kuhusu uovu wake ilhali aliyevaa barakoa anawaandalia mapadri chakula.

Jina la awali la filamu linadhihirisha jambo hilo kwa namna ambayo Kiswahili hakiwezi kuihifadhi kwa neno moja. Sisi tuna Komunyo, yaani sakramenti, na tuna ushirika, yaani umoja wa waumini. Kiingereza kinayabeba yote mawili katika neno moja, na kejeli ya filamu imo humo. Katika tukio la mwisho Padri Tom anamnyima Bi Tredoni Komunyo, naye anamchoma kisu mbele ya waumini. Parokia imeadhimisha Komunyo muda wote bila ushirika. Mfasiri atakayechagua neno moja atapoteza nusu ya hoja.

Filamu ina dosari. Bwana Alphonso, mwenye nyumba, amechorwa kwa dhihaka ya unene wake, na dhihaka hiyo inapunguza uzito wa kifo chake. Hata hivyo, picha ya mwisho inaikomboa: Alice anaondoka kanisani na kisu kikiwa ndani ya mfuko wa Bi Tredoni. Wakubwa hawakumpa maarifa. Walichomwachia ni silaha.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Filamu hii inatuonya dhidi ya utulivu huo. Barakoa ya Bi Tredoni ilichongwa na jumuiya nzima, kwa hukumu na minong'ono yake juu ya mama aliyepata mimba kabla ya ndoa. Tunapomwita mtoto shetani, tunaacha kuuliza nani yumo ndani ya kinyago.