Shaba Inayobanwa Ikiwa Baridi

Ni nadra waya mzuri kuungua katikati. Ukiona ganda limeyeyuka na shaba imekuwa nyeusi, fuata uharibifu huo na mara nyingi utaishia kwenye ncha, pale waya ulipofungwa kwenye betri, swichi au mota. Katikati ya waya ni kazi ya kiwanda, lakini ncha yake ni kazi ya mkono. Nataka kuusifu mkono huo pamoja na chombo ambacho watu hukiona kidogo mno kusifiwa: koleo la kubania vichwa vya waya, vile ambavyo mafundi wa huku kwetu huviita kosi.

Kakontwe, hapa Likasi katika Katanga ya Kongo, ni mahali pa mawe ya chokaa. Mawe hayo yalichimbwa kuvihudumia viwanda vya shaba, na wanajiolojia waliazima jina la mahali wakaupa mwamba wenyewe, hata unapovuka mpaka kuingia Zambia bado unaitwa Kakontwe. Karibu nasi kuna Shituru, kiwanda kilichoanza mwaka 1929, ambako shaba hutolewa kwenye tindikali kwa umeme na kujijenga juu ya mabamba. Tangi moja la kazi hiyo huhitaji kama volti 2 tu. Kwa volti chache hivyo, mguso mchafu kati ya bamba na upau unaolilisha umeme ukila sehemu ya kumi ya volti, umekwisha kuiba asilimia 5 ya nguvu yote. Ndiyo maana katika kazi ya aina hiyo miguso husafishwa na kuangaliwa kwa bidii isiyopungua ile ya kuiangalia tindikali. Shaba yenyewe huondoka Katanga ikiwa mabamba, kisha hurudi ikiwa nyaya, mota, na kosi ndogo zilizopakwa bati. Naona ni haki yake ifungwe vizuri inaporudi nyumbani.

Kazi ya kuilazimisha shaba kwa nguvu tupu si ngeni katika nchi hii. Wayeke, watu wa Msiri waliotoka Unyamwezi wakajenga ufalme wao Bunkeya katika karne ya 19, walijua kuvuta waya wa shaba kwa kuupitisha kwenye matundu ya chuma, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, mpaka upate wembamba wa kusukia bangili. Yeyote anayevuta waya hivyo hujifunza tabia mbili za shaba. Ya kwanza, haihitaji moto ili ibadilike umbo. Ya pili, kila inapolazimishwa ikiwa baridi huzidi kuwa ngumu, mpaka ipashwe moto tena ndipo ilegee. Koleo la kubania limejengwa juu ya tabia hizo. Huilazimisha shaba mara moja, kwa nguvu nyingi, na ugumu unaozaliwa katika mbano huo husaidia kukishikilia kiungo.

Tazama kinachotokea ndani ya kosi. Nyuma ina mrija mfupi, mbele ina pete au ulimi. Fundi huchuna ganda la waya, huingiza nyuzi ndani ya mrija, kisha hubana. Mwanzo mrija hujikunja tu kuzifuata nyuzi. Zikikosa pa kukimbilia, nyuzi husongamana na hewa iliyokuwa katikati yake hutoka. Hapo fundi asiyejua hudhani amemaliza, kwa kuwa waya hauchomoki kwa vidole. Lakini kiungo hakijazaliwa bado. Kila uzi wa shaba umevaa utando wa kutu mwembamba usioonekana, na utando huo haupitishi umeme vizuri. Mbano ukiendelea, shaba huanza kutiririka, kutiririka hasa, ingawa ni baridi. Utando hauwezi kunyumbuka pamoja nayo. Hupasuka, na shaba safi hukutana na shaba safi. Mguso ukikaza vya kutosha, hewa haipati pa kupenya, na kutu mpya haipati njia ya kurudi. Kikate kiungo cha namna hiyo kwa msumeno mwembamba, usugue uso wake kwa msasa laini, utaona nyuzi zilizokuwa duara zimekuwa na pembe, zimeshikana kama sega la nyuki, bila doa jeusi la nafasi tupu. Sijui kitu kingine katika ufundi wa umeme kinachonifurahisha kuliko uso huo uliosuguliwa.

Hesabu ya joto inaonyesha kwa nini jambo hili ni zito. Nyumba nyingi za mji wetu sasa zina betri na kigeuza umeme kwa ajili ya saa ambazo umeme hukatika. Kigeuza umeme cha wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 huvuta karibu ampea 100. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.001 kitatoa wati 10 za joto. Kikilegea na ukinzani ukafika 0.005, zitakuwa wati 50, zote ndani ya kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba. Joto huzidisha kutu, kutu huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto. Mzunguko huo hauponi wenyewe. Na mwenye nyumba atailaumu betri.

Sasa koleo lenyewe. Lililo bora lina kipande chenye meno na kilimi kati ya mikono yake miwili. Ukishaanza kubana, haliachii mpaka ufike kikomo kilichowekwa. Kwa hiyo mkono uliochoka jioni hutoa mbano uleule wa asubuhi, na mwanafunzi mwembamba hutoa mbano uleule wa bwana wake mwenye misuli. Kuna kiwenzo kidogo cha kulifungua koleo katikati ya safari iwapo kosi imekaa vibaya. Fundi mwaminifu hukitumia kisha huitupa kosi ile; hajaribu kuibana upya.

Lakini kilimi hakijui kama kiungo ni kizuri. Kinachojua ni mahali kilipowekwa tu. Koleo lililolegea huachia kwa mlio uleule wa koleo lililo sawa, na hapo ndipo ilipo hatari yake: huupa uzembe sauti ya kazi iliyokamilika. Kwa hiyo anayemiliki koleo la kilimi bila kujua kulirekebisha yuko pabaya kuliko anayebana kwa koleo la kawaida huku akishuku kila kiungo.

Kurekebisha si kugumu. Karibu na egemeo kuna gurudumu dogo la meno, lenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili, likizuiwa na skrubu moja. Toa skrubu, zungusha jino moja, rudisha skrubu, bana kosi ya majaribio kwenye waya wa aina ileile utakaotumia. Jino moja, si matatu. Anayeruka meno matatu hajui tena alipitia wapi, na sehemu aliyoiruka ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Kabla ya kugusa gurudumu, safisha egemeo. Wakati wa kiangazi vumbi jeupe la huku huingia kila penye mafuta na kufanya koleo lihisiwe gumu, na ugumu huo humdanganya fundi kwamba mbano unatosha. Kisha inua koleo lililofungwa kuelekea mwanga. Mwanga ukipenya zaidi upande mmoja wa taya kuliko mwingine, pini zimelika, na hakuna gurudumu litakaloponya hilo.

Taya za koleo la kosi zenye plastiki huwa na alama tatu za rangi: nyekundu kwa waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, buluu kwa 1.5 hadi 2.5, njano kwa 4 hadi 6. Watu huziheshimu rangi na kusahau waya. Waya mwembamba katika kosi ya buluu utabanwa kwa rangi sahihi na bado utakuwa na hewa ndani, na hakuna jino la gurudumu litakalorekebisha uchaguzi mbaya wa kosi.

Baada ya mbano wa majaribio, jicho lina mambo yake ya kutazama. Ncha za nyuzi zichungulie kidogo mbele ya mrija, kuonyesha kwamba zimefika. Ganda lisiingie chini ya mbano wa shaba. Liishie nyuma yake, ndani ya mshiko wa pili wa kosi, ule unaolishika ganda lenyewe. Ukingo wa mrija upande waya unapoingilia ubaki umepanuka kidogo, usije ukazikata nyuzi. Mshiko wa ganda haupitishi umeme hata kidogo, ila ndio unaozuia mtikisiko usifike kwenye nyuzi zilizobanwa. Kwenye pikipiki inayopanda na kushuka njia zetu kutwa, mshiko huo ndio unaoamua kama taa itawaka mwezi ujao.

Halafu kiungo kivutwe. Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme, katika kanuni yake namba 60352-2, inataka kiungo cha waya wa milimita za mraba 1.5 kivumilie nyutoni 150, na cha 2.5 kivumilie 230. Vifaa vya kupimia nguvu hizo ni ghali, lakini bidoni la lita 20 liko katika kila nyumba ya Kakontwe. Nyutoni 150 ni uzito wa kilo 15 na ushei, yaani bidoni lililojazwa maji robo tatu. Kwa waya wa 2.5 bidoni lililojaa bado halitoshi. Liongezee jiwe la kilo mbili au tatu, na mawe hatujayakosa hapa. Funga waya kwenye mshikio, ning'iniza kosi kwenye msumari imara, inua bidoni taratibu, usilidondoshe ghafla.

Jaribio hilo ni la lazima, nalo peke yake halitoshi. Ukianza na mbano hafifu na kuukaza hatua kwa hatua, uimara wa kuvutwa hupanda, hufika kilele, kisha hushuka kwa sababu nyuzi zinakonda na kukatika. Upitishaji wa umeme nao hupanda, lakini kilele chake huchelewa kidogo, kwenye mbano ulio mkali zaidi. Mahali panapofaa ni kati ya vilele hivyo viwili, na eneo hilo ni jembamba. Fundi anayetafuta waya usiochomoka tu atasimama mapema. Anayeamini kwamba nguvu zaidi ni ubora zaidi atapita na kuukata. Bidoni na uso uliosuguliwa kwa msasa, vikitumiwa pamoja, humwonyesha alipo. Akishapapata, akaze skrubu ya gurudumu na asiliguse tena bila sababu.

Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaoamini lehemu kuliko mbano. Wana hoja: lehemu huonekana, hung'aa, hujaza. Lakini hupanda ndani ya nyuzi na kuacha mahali pagumu panapokutana na palaini, na mtikisiko huvunja waya hapohapo. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, kiwango ambacho kiungo chenye hitilafu kinaweza kukifikia. Kibaya zaidi ni kuzipaka nyuzi lehemu kisha kuzibana, kwa kudhani umeunganisha faida mbili. Lehemu ni laini. Chini ya mbano hujisogeza polepole kwa miezi, na mbano hulegea bila mtu kuugusa. Vita Vikuu vya Pili, ambapo shaba ya Katanga ilisafirishwa kwa Washirika, ndivyo vilivyoharakisha matumizi ya mbano badala ya lehemu. Kampuni iliyokuja kujulikana kama AMP, aliyoianzisha Mmarekani U. A. Whitaker mwaka 1941, ilijijenga kwa kutengeneza kosi zisizohitaji lehemu kwa ajili ya ndege na meli.

Na kazi hii haiishii kwenye nyaya nyembamba. Umeme wa bwawa la Inga husafiri karibu kilomita 1,700 hadi Kolwezi kwenye njia iliyokamilika mwaka 1982, wa mkondo wa moja kwa moja, wenye volti 500,000. Hakuna gurudumu la waya linalobeba urefu kama huo. Nyaya za njia ndefu huungwa ncha kwa ncha, na kiungo cha kawaida cha waya mnene wa angani ni mrija wa metali uliobanwa na mashine ya mafuta, ukiwa baridi. Taya ni kubwa, kanuni ni ileile, na huko nako anayebana lazima achague taya sahihi na apime alichobana.

Kati ya pikipiki na njia ya Inga kuna kebo za betri za nyumbani, za milimita za mraba 25, 35 na 50, na hapa ndipo mtaa wetu una upungufu. Koleo la mkono halizifikii. Wengi huzipiga nyundo au kuziminya kwenye jiliwa, na kosi hutoka bapa, nyuzi za katikati zikiwa zimebanwa na za pembeni zikiwa huru. Simlaumu anayefanya hivyo kwa kukosa chombo. Ila koleo la mafuta lenye taya za pembe sita halihitajiki kila siku. Mafundi wanne au watano wa mtaa mmoja wanaweza kulinunua kwa pamoja na kulikodishiana. Wakilinunua, wanunue na kebo mita moja ya kila unene, waikate vipande, wabane, wapasue, wasugue, na vipande hivyo vikae ndani ya sanduku la koleo, vikiandikwa taya iliyotumika, ili anayelichukua zamu yake aanze kwa kuvitazama.