Fundi Anayesoma Namba Kutoka Nyuma

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu, na ofisi mpya zikaja na kompyuta, seva na nyaya zake. Wanaozitunza husifiwa kwa nadra. Nataka kuisifu kazi yao moja isiyoonekana: kutafuta kwa nini mtandao wa ndani hautambui namba fulani ni ya nani.

Kwa kawaida kompyuta hupewa jina, ikatafuta namba. Wakati mwingine swali hugeuka: 192.168.10.25 amebisha hodi, ni nani? Seva huitafuta namba hiyo kutoka nyuma, 25.10.168.192, ikiongezewa in-addr.arpa mwishoni, kwa kuwa majina ya mtandao huanza na kidogo na kuishia na kikubwa, ilhali namba huanza na kikubwa.

Swali hilo likikwama, dalili yake ni kusubiri. Mhasibu anaingia kwenye mfumo, skrini inaganda, kisha kazi inaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Fundi mwenye pupa hulaumu intaneti, akazima na kuwasha. Aliyeiva huuliza kwanza: seva imejibu kwamba jina halipo, au imekaa kimya? Napenda sana swali hilo. Jibu la “halipo” huja papo hapo na halimcheleweshi mtu. Ukimya ndio unaoumiza, maana kompyuta ya Linux kwa kawaida husubiri sekunde 5 kabla ya kuuliza tena.

Kisha huandika amri ya dig -x na ile namba. Akipata jina, hulirudisha lilikotoka: je, nalo linatoa namba ileile? Hapo hufichuka mashine iliyoondolewa zamani ikaacha jina lake kwenye namba iliyokwisha kupewa nyingine. Au nukta moja iliyosahaulika mwishoni mwa jina, na seva ikaligandishia mkia wote wa in-addr.arpa. Au faili la majina limerekebishwa vizuri lakini namba yake ya mfululizo haikuongezwa, hivyo seva ya pili inaendelea kushika nakala ya zamani. Makosa haya hayapigi kelele. Huonekana kwa anayesoma mstari kwa mstari.

Namba za 192.168 ni za matumizi ya ndani, na ofisi nyingi duniani zinazo zilezile. Swali kuhusu namba kama hiyo likitoka nje ya Bariadi, huko hakuna anayejua mashine ya mhasibu wetu. Fundi bora huliweka jibu palepale ofisini.

Wakuu wa idara, fundi akiomba muda wa kusoma faili kabla ya kuzima seva, mpeni.