Ustadi wa Kupunguza

Hapa kwetu Golbanti mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na mto Tana ukifura ndio kabisa. Kwa hiyo nilimtazama kwa makini kijana mmoja wa hapa, mtunza tovuti za watu wa Garsen na Malindi, alipoketi chini ya mwembe na kuingia kwa simu yake kwenye seva iliyo mbali. Hakupakua kitu. Aliita mistari hamsini ya mwisho ya faili la makosa, akaisoma taratibu, akajua palipoharibika. Faili lenyewe lilikuwa dogo, maana la jana lilikwisha kuwekwa kando na ya nyuma yake yamebanwa. Aliniambia kwamba faili asiloweza kulisoma akiwa Golbanti halimfai kitu.

Kazi hii ya kupunguza haisifiwi na mtu. Tovuti ikipendeza anasifiwa aliyeichora. Ikidumu miaka bila kuzimika, hakuna anayeuliza ni nani aliyekuwa akipunguza mafaili usiku.

Mimi hunivutia zaidi mfuatano wa hatua zake. Faili lililonenepa halifutwi tu. Apache, programu ya seva ya tovuti, inapoandika makosa huwa imelishika faili lenyewe, wala haijali jina lake. Ukilifuta, jina linatoweka, lakini nafasi kwenye diski hairudi mpaka Apache iliachie, na makosa yanazidi kuandikwa mahali ambapo jicho halifiki. Fundi hulibadilisha jina kwanza, akafungua jingine, kisha akaiashiria seva ilishike hilo jipya. La zamani halibani papo hapo. Hungoja hadi zamu inayofuata, kwa sababu huenda kuna ombi lililochelewa ambalo bado linaandika mstari wake wa mwisho. Kwangu mimi, kungoja huko ndiko kunakoitofautisha kazi ya fundi na kazi ya mtu anayetaka tu diski ipumue: mstari mmoja uliochelewa unaheshimiwa kama elfu zilizowahi. Erik Troan wa Red Hat aliutia utaratibu wa namna hii katika programu ya logrotate miaka ya 1990, na hadi leo mashine nyingi za Linux zinaufuata kwa maagizo machache: zungusha kila wiki, hifadhi manne, bana, subiri.

Na kwetu Kenya uangalifu huo ulikuwapo. Tovuti ya Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, nchi ikiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, ili wananchi waripoti waliyoyaona. Programu yake ilipokua ilijengwa juu ya Kohana, kiunzi cha lugha ya PHP kilichoipa kila siku faili lake lenye tarehe, na mstari wa kwanza ndani yake ukiwazuia wapita njia wasisome. Aliyetaka makosa ya Jumanne alifungua ya Jumanne.

Wakulima wa Kipokomo wanaolima kando ya Tana wanaijua thamani ya kupunguza kwa mikono yao: maji huja, huacha rutuba, huondoka, ndipo shamba linapopandwa. Maji yasiyoondoka huozesha shamba.

Leo wengi wanaandika programu bila kujali yatakayoachwa nyuma. Mmoja anatia alama ya @ mbele ya amri ya PHP ili kosa linyamaze, kana kwamba kosa lisilosikika limekwisha. Mwingine anaacha kiwango cha maelezo mengi alichokitumia wakati wa kujenga, na onyo lile lile moja linaandikwa kila ukurasa unapofunguliwa, mchana na usiku. PHP ina agizo la ignore_repeated_errors la kupuuza makosa yanayojirudia ndani ya ombi moja, ila huja likiwa limezimwa, na ni wachache wanaolitafuta. Diski ikijaa, hifadhidata haiandiki tena, watu hawawezi kuingia, fomu hazipokelewi. Dawa inayotolewa ni kununua diski kubwa zaidi. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalipokata barabara katika kaunti hii, aliyezingirwa na maji alibaki na simu tu mkononi. Tovuti inayozimika saa kama hiyo kwa kusongwa na maandishi yake yenyewe ni uzembe usio na udhuru.

Niliwahi kuona faili moja la namna hiyo, la gigabaiti nyingi. Kosa la kwanza, lililoeleza chanzo chote, lilikuwa juu kabisa, limeandikwa miezi mingi kabla, na baada yake onyo moja limerudiwa hadi diski ikaisha. Aliyeitwa kuitengeneza tovuti alilifuta faili zima bila kulisoma. Tovuti ikafunguka, watu wakashukuru, na faili jipya likaanza kujaa onyo lile lile.